Kufungasha Kisicho na Namba

Katika miaka niliyoitumikia kazi ya kompyuta mjini Sumbawanga, nikizihudumia shule tangu Laela juu ya uwanda wa Ufipa hadi Kasanga chini ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, sehemu kubwa ya juhudi yangu ilikwenda katika jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni kazi, nalo ni kufungasha programu huria, yaani kuzichukua kama zilivyotoka kwa watungaji wao na kuzitia katika vifurushi ambavyo mfumo wa Debian waweza kuvipokea na kuvibadilisha pindi vipya vitokeapo.

Aghalabu mtungaji mwangalifu huipa kazi yake namba ya toleo. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilisimama juu ya OpenOffice, ambayo matoleo yake yalihesabiwa, basi mwalimu akilalamika, namba ilitosha kunijulisha ana nini mkononi. Lakini tangu Linus Torvalds alipoiunda Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya kazi, mwaka 2005, wametokea watungaji wengi wanaoiacha kazi yao wazi wakiibadilisha kila siku bila kutangaza toleo lolote. Kila badiliko lina alama yake ya tarakimu na herufi 40, alama yenye kutambulisha kwa yakini, illa haisemi lipi lilitangulia. Nasi tuliokuwa na mtandao dhaifu, tukipeleka programu kwa flashi ndani ya basi, tulipata faili mbili za jina moja, mithili ya magunia mawili ya maharage yasiyojulikana ni ya mavuno ya mwaka gani.

Hapo sharti mfungashaji atunge namba mwenyewe, tena kwa hadhari. Tarehe iwe ya badiliko la mwisho la mtungaji, wala si ya siku ya kufungasha, ili wafungashaji wawili wasipishane. Nayo ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, maana ikianza na siku, kompyuta itaipanga kombo. Hata hivyo, ukiandika 20140812 pekee, siku mtungaji atakapotangaza toleo 1.0, Debian italikataa kwa kuliona dogo. Kwa hiyo huandikwa 0~git20140812, kwa kuwa alama ile ya wimbi huishusha namba chini hata ya sifuri yenyewe, na toleo halisi, lije na namba yoyote, litashika nafasi yake. Ipo njia nyingine, ya kutanguliza 1 na nukta mbili, lakini kiambishi hicho kikishaingia hakiondoki maadamu kifurushi kiko hai, na mimi niliichukia njia hiyo daima, kwa sababu humtwika mtungaji deni asilolikopa.

Kadhalika niliwaandikia watungaji kwa taadhima, nikiwaomba namba moja tu, hata iwe 0.1. Baadhi yao waliitoa, na kompyuta za Laela zikaipokea bila pingamizi. Waliobaki hawakujibu, na kazi zao nimeendelea kuzifungasha kwa tarehe.