Babu, Besi na Suruali ya Kubana

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalinirudisha nyumbani Kariakoo, nami nikajitangaza kuwa mtunzi wa riwaya. Washikaji wa kijiweni walicheka mpaka machozi. Babu peke yake hakucheka. "Andika," aliniambia, "lakini usinipambe."

Babu ni fundi redio. Meza yake iko barazani, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa kila upande. Zamani, akiwa na miaka kumi na minane, alipiga gitaa la besi katika bendi ya vijana. Zilikuwa zile bendi za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilizowaachia wakubwa rumba yao, zikajifunza James Brown na Jimi Hendrix kwa kurudia sahani mpaka sindano ikachoka. Walikuwa watano. Magitaa, ampulifaya, hata nyaya, vyote vilikuwa mali ya mwenye bendi. Jumapili mchana kulikuwa na bugi, dansi la vijana. Walipakia vyombo kwenye mkokoteni wakausukuma wenyewe hadi ukumbini, Babu akishikilia spika isidondoke kwenye mashimo. Malipo yao soda na nauli.

Basi nikaandika sura ya kwanza. Humo Babu ni staa wa mji, kavaa bugaluu na raizoni, mabinti wanazimia. Nikamsomea. Alisikiliza huku akichomea waya, moshi wa risasi ukimpanda puani. Nilipomaliza akauliza, "Huyo ni nani?"

"Si wewe, Babu?"

"Mimi mwaka ule bugaluu sikuijua, ilikuja baadaye. Tulivaa za kubana. Kaa chini, bwana mdogo."

Ndipo aliponisimulia jambo ambalo hata marehemu Bibi sidhani kama alilijua.

Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kwamba si utamaduni wa taifa. Suruali ilipimwa kwa chupa ya soda: isipopita mguuni, umekwisha.

"Siku moja mimi na mpiga dramu wetu tulishuka basi Msimbazi," alisema Babu. "Yeye kavaa ya kubana. Yangu nilikuwa nimeificha kwenye mfuko wa karatasi. Vijana wakamkamata. Mmoja akanigeukia, 'Huyu unamjua?' Nikasema simjui. Nikaangalia dirisha la duka kama mtu anayetaka kununua kitu. Nikasikia wembe unapasua kitambaa. Mpaka leo nausikia."

Jumapili iliyofuata dramu zilifika ukumbini, mpigaji hakufika. Wala hakufika tena. Wakapiga na mtu wa kuazima. Kisha, mwaka huohuo, muziki wa soul wenyewe ukapigwa marufuku Dar es Salaam, na mwenye bendi akachukua vyombo vyake. Habari ikaishia hapo.

Nilitaka kumpoza mzee. Nikamkumbusha kwamba rock ya Dar haikufia pale. Sunburst walikuja baadaye, wakarekodi *Ave Africa* huko Zambia mwaka 1976, na mwaka 2016 ikatolewa upya Ulaya. Patrick Balisidya na Afro 70 yake walifika hadi Lagos kwenye tamasha la FESTAC, mwaka 1977.

Babu akatikisa kichwa. "Hao wana sahani. Sisi hatukurekodiwa hata dakika moja. Nikikudanganya, hakuna kanda ya kunisuta. Kwa hiyo sikudanganyi."

Ndugu msomaji, usiku ule niliichana ile sura. Iliniuma, maana ilikuwa na sentensi tamu tamu. Lakini niliona nilichokuwa nafanya: nami nilikuwa naangalia dirisha la duka.

Nilimwuliza Babu jina la mpiga dramu. Alinitajia, akaniomba nisiliandike mpaka kwanza amwone mwenyewe. Siku hizi kila Ijumaa baada ya swala huenda Gerezani kuulizia kwa wazee wenzake. Wengine wanamkumbuka kijana yule, wengine wanachanganya. Bado hajampata.

Sura ya kwanza nimeianza upya. Inaanzia kituoni, na haina staa.