Ua lisilokula mti wake

Juma hili tunazungumza juu ya okidi, ua ambalo wengi wetu tunalijua kwa macho tu.

Hapa Bukavu miti ya zamani inakatwa kwa ajili ya kujenga nyumba. Mti wa avoka wa jirani ulipoangushwa, matawi yake yalikuwa yamejaa okidi. Wapasua kuni walitaka kuzichoma, wakisema zinanyonya mti. Tuliziomba, tukazipeleka nyumbani.

Okidi za namna hiyo hazinyonyi mti. Zinaukalia tu. Mizizi yake inashika ganda, lakini maji yake ni ya mvua na ukungu, na chakula chake ni majani yaliyooza juu ya ganda.

Kwa hiyo usizipande katika udongo: mizizi inataka hewa, udongo utaiozesha. Kata bidoni, toboa matundu chini kwa msumari wa moto, tia vipande vya ganda la mti na makala. Iweke pahali penye jua la asubuhi, si la saa sita. Kabla ya kumwagilia, tazama mizizi. Ikiwa ya kijani, ngoja. Ikiwa myeupe kama majivu, mwagilia asubuhi, na maji yote yatoke. Maji ya mvua ni mazuri zaidi. Mizizi inayoning'inia nje usiikate. Halafu vumilia, maana linaweza kupita hata zaidi ya mwaka bila ua.

Nyumbani kwetu tunaishi na familia iliyokimbia vita. Binti yao mkubwa ndiye anayezimwagilia siku hizi. Siku moja, karibu na bomba, alisikia watu wakisema kwamba wakimbizi wanakula wenyeji wao. Alirudi kimya, wala hakutaka kula. Sisi tulio walimu tungeweza kumwambia mfano mzuri wa okidi na mti, lakini mtoto si ua: anakula, na unga wa zamani hautoshi tena. Tulimwambia ukweli huo. Tukamwambia pia kwamba mama yake anafua, anauza ndizi, na jioni sahani ni za wote. Ndipo akala.

Ombi letu moja: okidi za porini tusizinunue, hasa zile za Kahuzi-Biega. Pori hilo ni mbuga ya taifa tangu 1970, na anayezing'oa anaumaliza uzuri wetu sote. Tuchukue zile zilizoanguka pamoja na mti, au tugawiane vichipukizi.

Yetu ya kwanza imetoa ua wiki hii, dogo, la manjano. Binti huyo ndiye aliyeliona wa kwanza, akatuamsha sote kabla ya saa kumi na mbili. Mwenye kutaka kichipukizi aje siku ya mkutano na bidoni yake.