Fungu la Ndege na Nyuki



Hapa kwetu Unguja tunashona nguo uwani, ndugu wawili na Bi Mkubwa wetu. Kabla ya Idd hatulali kwa kazi. Mwaka huu Idd ilipopita masika ikaingia, wateja wakapungua, cherehani zikanyamaza na pesa ya kitoweo ikawa ya kuhesabu. Tukashukuru kwamba tuna bustani yetu: mchicha, bamia, tungule na maboga, mengine kwenye madumu yaliyokatwa, mengine chini kando ya ukuta. Siku zisizo na mvua tunamwagilia maji ya kuoshea mchele na ya udhu, tuliyoyakinga kwenye ndoo. Mchicha hauchelewi, wiki tatu au nne unachuma.

Lakini mboga ikinawiri, wageni nao huja. Viwavi walivamia mchicha, ndege wakadonoa tungule. Jirani akatushauri tununue dawa ya kupulizia, siku moja kazi imekwisha. Tulitamani sana, maana kila fungu linaloliwa ni fungu la kwenda kununua sokoni.

Bi Mkubwa akasema, "Wanangu, tazameni kwanza." Basi kila baada ya sala ya Alfajiri kulipopambazuka tukawa tunakaa karibu na maboga. Ua la boga hufunguka asubuhi mapema, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga. Yapo maua dume na maua jike, na jike lina kiboga kidogo chini yake. Nyuki asipochukua ule unga wa njano wa dume akaufikisha kwa jike katika saa hizo chache, kiboga kile hunyauka na kuanguka. Tukamuona na chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akiokota pia vijidudu majanini. Dawa ya viwavi ingewakuta wote hawa.

Tukaamua tusipulize. Viwavi tunawaokota kwa mkono asubuhi na jioni, tunawapa kuku. Majani ya mwarobaini tunayatwanga, tunayaloweka usiku kucha, tunachuja, tunatia sabuni kidogo, na kunyunyiza jioni nyuki wakishaondoka. Tungule tumezishonea vifuko kwa mabaki ya vitambaa vya shela.

Hatukuokoa zote. Wiki ile tulinunua mchicha mara mbili, na pesa yenyewe ilikuwa ya taabu. Ila Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hadithi hii tuliisoma chuoni tangu wadogo. Kuisoma ni rahisi kuliko kumtazama ndege akidonoa tungule yako mwenyewe! Lakini imetutuliza. Katika miezi ambayo tulidhani hatuna cha kumpa mtu, sadaka ilikuwa inatoka uwani kwetu kila asubuhi. Na maboga yamekamata, Alhamdulillah, matatu tumeshampelekea jirani yetu yuleyule.

Dada, hata kama una dumu moja tu na pahala panapopata jua, anza na mchicha. Siku utakayokuta jani limetobolewa, usikimbilie dawa. Kaa kidogo, utazame nani mwengine anayepata riziki yake hapo.