Maji Yalichemka Kabla ya Mia

Nilizaliwa Mutuka, Babati, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na mbaazi. Leo nafundisha fizikia na hisabati katika shule ya kata. Naandika haya kwa sababu bado wapo wazazi, na hata walimu, wanaosema mbele ya watoto kwamba hesabu ina watu wake. Na mimi niliambiwa hivyo, nikaamini. Kilichonitoa huko nakijua vizuri, na nataka kukisema.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2013. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiacha michango. Hadi darasa la saba tulikuwa tumesoma kwa Kiswahili. Tulipofika sekondari masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza. Fizikia kwetu ilikuwa notisi za ubaoni: mmoja anaandika, wengine tunanakili, tunakariri, tunakwenda kuzimwaga kwenye mtihani. Hata bureti ya kemia tuliijua kwa picha. Hisabati ndiyo ilikuwa msiba kabisa, wala hatukuwa peke yetu. Kwa miaka mingi, katika kila watahiniwa watano wa kidato cha nne nchini Tanzania, aliyefaulu somo hilo alikuwa kama mmoja tu. Tulilizoea jambo hilo kama watu wanavyozoea ukame.

Wakati huo Rais Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, ifikapo Novemba 2014. Baadaye muda ukasogezwa hadi Juni 2015. Kijijini agizo lilifika kwa sura ya mchango wa kila kaya. Watu walinung'unika, na sikuwalaumu hata siku moja, maana fedha ilidaiwa wakati ghala ni tupu. Baba aliuza mbaazi akalipa. Akina mama walisomba maji ya kufyatulia tofali. Maabara ile ilijengwa na watu ambao wenyewe hawakuwahi kuingia maabara, na hilo sitalisahau.

Mwanzoni mwa 2015, kabla hatujachagua nani anaendelea na sayansi na nani anakwenda sanaa, chumba cha kwanza kilikuwa kimeezekwa. Sakafu bado ilikuwa ya vumbi, gesi haikuwepo. Mwalimu mmoja wa kujitolea alikuja na jiko la mchina, sufuria ndogo na kipimajoto, akatugawa makundi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha maji na kuandika nyuzi kila baada ya dakika moja.

Kitabu kilisema maji huchemka kwa nyuzi 100. Ya kwetu yalichemka, yakatoa mapovu makubwa, mvuke ukatanda, na kipimajoto kikagoma kwenye 95 na kidogo. Tuliongeza moto. Kikabaki palepale. Mwenzangu akasema kipimo ni kibovu, akaandika 100 kwenye daftari. Kundi la pili nao wakaandika 100, na la tatu vilevile. Mwalimu alipita akitazama madaftari, akasimama kwetu.

"Nani ameona mia?"

Kimya.

"Basi andikeni mlichokiona. Halafu tuulizane kwa nini."

Akatueleza kwamba Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza maji hapa ni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo mvuke hupata njia mapema. Ile 100 ya kitabuni ni ya usawa wa bahari. Kipimo chetu kilikuwa kinasema kweli ya kwetu.

Jioni nilimsimulia mama akiwa anapika makande. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndiyo maana kwa shangazi yako Tanga maharage yanaiva haraka. Mimi nilidhani ni mbegu." Mbegu nayo huchangia, lakini mama alikuwa amegusa penyewe: maji yanayochemka kwa joto dogo huchelewesha chakula kuiva. Mwanamke aliyeishia darasa la saba alikuwa ameliona jambo la fizikia miaka mingi, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni fizikia. Usiku ule nikaamua sitaenda sanaa.

Hisabati ilinifungukia kwa mlango huohuo. Tulining'iniza mawe tuliyoyapima kwenye springi, tukaandika imerefuka kiasi gani, tukachora grafu. Nukta zikakaa kwenye mstari. Ule mteremko niliokuwa nikikokotoa bila kujua ni wa nini sasa ulikuwa ugumu wa springi niliyoivuta kwa mkono wangu.

Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, nami nikamaliza kidato hicho mwaka huo. Mwaka 2017 nikachaguliwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Mwezi Agosti mwaka huohuo India ikawekea ukomo uingizaji wa mbaazi, na bei ikaporomoka kwa wakulima wetu. Kidato cha tano ada ilikuwa bado inalipwa, na bweni lina mahitaji yake. Baba aliuza ng'ombe. Chuo nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Zipo sekondari za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, na mlango wake ni alama. Nafurahi kwamba serikali imejenga pia sekondari za wasichana za sayansi mikoani kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari. Lakini kwa alama zangu za darasa la saba nisingechaguliwa katika shule za aina hiyo. Mtoto wa aina yangu anapatikana shule ya kata, na kama pale hakuna mwalimu wa fizikia wala kipimajoto, hapatikani tena. Ndiyo maana nilipopangiwa kufundisha shule ya kata sikuomba uhamisho.

Shuleni kwangu hakuna mwanafunzi anayechagua mchepuo kabla hajapima kitu kwa mikono yake. Katika kikao cha wazazi cha mwaka jana, baba mmoja alisimama akauliza kwa nini binti yake anashinda akipima vivuli nyumbani badala ya kusoma. Nikamjibu kwamba nimemtuma mimi, kwa sababu kivuli cha mti na cha fimbo ya mita moja, vikipimwa kwa wakati mmoja, vinakupa urefu wa mti bila kuupanda. Akataka aone. Tukatoka wote hadi kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi, binti akashika utepe, baba akashika fimbo, na wazazi wengine wakaanza kubishana kuhusu jibu kabla hata hesabu haijaisha.