Kabla ya Shamba la Mipopi, Chupa ya Mofini

Mwezi Desemba, kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania hapa Australia, mashamba ya maua meupe na ya zambarau hafifu hupakana na barabara. Uzio wake ni wa waya, kama ule wa kuzuia kondoo, na kinachoyatofautisha na mashamba mengine ni kibao kinachoonya kwamba mmea huo unaweza kuua. Hiyo ndiyo mipopi, mmea wenyewe wa kasumba, na kwa miaka mingi karibu nusu ya malighafi halali ya mofini na dawa za jamii yake duniani imetoka kisiwani humo. Kwa Mwafrika Mashariki anayeishi huku, swali linakuja lenyewe: ikiwa Njombe, Mbeya na Kericho kuna baridi, mvua na wakulima hodari, kwa nini nasi tusilime? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa hesabu badala ya hofu. Ninavyoona mimi, mmea unaweza kuota, lakini shamba halitampunguzia maumivu mgonjwa wetu hata mmoja, kwa sababu kinachokosekana nyumbani si mipopi.

Tuanze na wanavyofanya wenzetu. Tasmania hawachanji tunda ili kukinga utomvu. Wanaliacha likauke kwenye bua mpaka mbegu zisikike zikicheza ndani yake, kisha mashine inavuna vichwa hivyo na kiwanda kinakamua dawa kutoka kwenye makapi makavu. Njia hiyo ilibuniwa na mfamasia wa Hungaria, János Kabay, na inampunguzia mwizi tamaa, maana hakuna utomvu wa kubeba. Mkulima hapandi mpaka awe na leseni ya serikali na mkataba wa kiwanda, na wakaguzi wanafuatilia zao hadi mabaki yateketezwe. Uturuki ilipiga marufuku kilimo hiki mwaka 1971, ikakirudisha mwaka 1974 kwa sharti la kutochanja matunda, na baadaye ikajenga kiwanda cha serikali Bolvadin, katika mkoa wa Afyonkarahisar, ambao jina lake limebeba neno lile lile tunalolijua sisi, afyuni. India bado inachanja, lakini serikali ndiyo mnunuzi pekee, kama Mkataba wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 unavyotaka. Nchi hizo zinatofautiana kwa mengi, ila kote mkulima hulima kwa kibali cha serikali na kwa mnunuzi anayejulikana tangu mwanzo.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mofini hutumia, kwa makadirio ya kawaida, kama gramu 6 katika miezi 3 ya mwisho ya maisha yake. Wagonjwa 100,000 wangehitaji kilo 600. Tuseme hekta moja ya wakulima wetu inatoa kilo 10 tu za mofini, kiasi ambacho si kikubwa kwa zao hili: hekta 60 zingewatosha wagonjwa wote hao. Tasmania, katika misimu yake mizuri, imepanda zaidi ya hekta 20,000. Hakuna kiwanda cha kukamua na kusafisha mofini kinachoweza kujilipa kwa hekta 60, achilia mbali gharama ya leseni, wakaguzi na walinzi. Tukilima kwa ajili yetu, gramu ya mofini yetu itakuwa ghali kuliko ya kuagiza. Ili kiwanda kiendeshwe, lazima tulime kwa ajili ya kuuza nje.

Wapo watakaosema basi tuuze nje, zao la biashara lina ubaya gani? Tatizo ni soko. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya imerudia mara nyingi kwamba malighafi iliyopo inatosheleza mahitaji yanayotangazwa na serikali zenyewe. Tutaingia tukiwa wageni mbele ya wazoefu wa miongo. Tena tuna funzo letu wenyewe: pareto. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo, wakulima wakakaa muda mrefu bila kulipwa, wengi wakang'oa, na nafasi ile ikachukuliwa na Tasmania hii hii. Hatukushindwa kwa sababu ya udongo. Tulishindwa pale mkulima alipopeleka maua na asione malipo. Taasisi zilizoshindwa kulinda ua la kuulia wadudu hazijawa tayari kulinda ua la mofini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kujitegemea: mipaka ikifungwa, nani atatuletea dawa? Hapo Uganda imetuonyesha njia. Tangu shirika la Hospice Africa Uganda lilipoanzishwa mwaka 1993, unga wa mofini umekuwa ukiagizwa kutoka nje, unachanganywa na maji, kihifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa, kisha unatiwa kwenye chupa. Mgonjwa anakunywa nyumbani kwake kila baada ya saa 4. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari hawakuwafikia wanavijiji. Hata mipaka ikifungwa, unga uliokwisha kuagizwa unabaki kwenye kabati lenye kufuli. Akiba ya mwaka mzima ni rahisi kuilinda kuliko ekari moja ya mipopi.

Wengine wataogopa uraibu, na hofu hiyo ina msingi. Marekani imezika watu wengi baada ya vidonge vya jamii ya mofini kugawiwa kwa tamaa ya faida, na mwambao wetu unaijua heroini vizuri. Ndiyo maana hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza tiba ya methadoni kwa waraibu mwaka 2011. Lakini tatizo la Marekani lilikuwa kugawa kupita kiasi, nasi tatizo letu ni kinyume chake. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini zaidi zilikuwa zikipata tani 0.1 tu. Kiswahili kinatumia neno kasumba kwa afyuni na pia kwa fikra iliyoganda kichwani. Kasumba inayowaumiza wagonjwa wetu ni hiyo ya pili: kwamba mofini ni dalili ya kukata tamaa, na kwamba maumivu ni ya kuvumiliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa ughaibuni mnaotafuta mradi wa kupeleka nyumbani, msipeleke mbegu za mipopi. Changieni mafunzo ya muuguzi mmoja wa tiba shufaa katika wilaya yenu, na, kama sheria ya nchi yenu bado haimruhusu muuguzi huyo kuandika mofini, waulizeni wabunge wenu kwa nini. Unga upo na bei yake inalipika. Kinachosubiriwa ni mtu mwenye ruhusa ya kuujaza kwenye chupa na kumfikishia mgonjwa.