Kushika Chaki Mbele ya Wazee

Mjukuu wangu, umeniambia kwamba shahada ya kwanza umeimaliza na sasa unataka kurudi chuo kikuu kusomea ufundishaji wa kusoma na kuandika, na kwamba wenzako wanakucheka: eti msomi mzima anakwenda kusomea irabu! Waache wacheke. Nami nilichekwa vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza redioni, katika salamu za mwaka mpya, kwamba 1970 ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kila mtu alikuwa akiitaja sensa ya 1967, iliyoonyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawajui kusoma wala kuandika. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, nimezoea kelele za watoto. Nilipochaguliwa kwenda Dar es Salaam kuchukua stashahada ya elimu ya watu wazima, jirani yangu aliniuliza kama nimeanza kusahau herufi.

Chumba chetu cha masomo kilinuka wino wa stensili, kwa sababu karibu kila tulichosoma kilipigwa chapa mle mle, karatasi zikatufikia zikiwa bado mbichi na kuacha weusi vidoleni. Nje ya lango palikuwa na mama muuza chai, mnene, mwenye mwanya; kwa senti hamsini ulipata kikombe na maandazi ya hiliki, na mabishano ya darasani yakaendelea pale hadi jua linakuchwa. Jina la Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, lilikuwa midomoni mwa wakufunzi, lakini yaliyonikaa rohoni ni mambo madogo madogo. Tulifundishwa kuandika herufi kubwa ubaoni, maana macho ya wazee yamechoka na miwani hawana. Tulifundishwa kuanza na sentensi ya kitu anachokijua mtu, tuseme “pamba ni mali”. Darasa linaisoma nzima, kisha linalitoa neno, kisha silabi zake. “Pa” inaleta “pe, pi, po, pu”, na mkulima anaunda pipa na popo kwa mkono wake mwenyewe. Akizigeuza silabi za “mali”, anapata “lima”. Nimewaona watu wazima wakisimama kwa furaha ya ugunduzi huo.

Baadaye nilipelekwa Ukerewe, moja ya wilaya sita, pamoja na Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam, zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma kabla ya 1971 kwisha. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba na kubaki kijijini. Malipo yao yalikuwa shilingi thelathini kwa mwezi, nazo zilichelewa. Tulikutana mchana chini ya mwembe, upepo wa ziwa ukituletea harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, na usiku tulijaribu masomo yetu kwa mwanga wa karabai iliyovuma na kunuka mafuta ya taa. Kusoma vijana wale walikujua vizuri. Kusomesha ndiko hawakukujua. Kijana wa miaka kumi na minane angemsahihishaje mvuvi wa makamo ya baba yake, mkwewe akiwa ameketi benchi la nyuma? Tulilifanyia mazoezi jambo hilo hadi likawaingia. Unaanza kwa shikamoo, mwanafunzi wako anakuitikia marahaba. Akikosea, husemi amekosea, unasema, “Tusome tena sote, mzee wangu.” Mkono uliozoea kasia unabana penseli hadi karatasi inachanika, kwa hiyo unaanza naye kwa kuchora mistari mchangani. Na kwa kuwa nyumbani watu walisema Kikerewe, Kijita au Kikara, unahakikisha kwanza neno la Kiswahili limeeleweka ndipo unalikata vipande. Mahali ambapo mwalimu aliyajua haya, darasa lilijaa hata msimu wa palizi. Asipoyajua, baada ya wiki chache yalibaki mabenchi.

Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39, na ilipofika 1986 hesabu ya serikali ilikuwa chini ya asilimia 10. Sifa zilikwenda kwa viongozi, na walizistahili. Lakini mimi niliwaona wenye shilingi thelathini. Hata hivyo, tangu Vita vya Kagera hali ya uchumi ilikuwa ngumu, semina za walimu zikapungua, magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho* yakaadimika, na watu waliosoma kwa jasho wakakosa cha kusoma wakasahau. Idadi ya wasiojua ikaanza kupanda tena. Majengo yalikuwepo, vitabu vya kiada vilikuwepo kabatini. Aliyeachwa bila kuandaliwa ni mwalimu.

Kwa hiyo nenda, mjukuu wangu, ukasome. Kila nadharia watakayokupa, ipeleke mbele ya mtu mzima mmoja asiyejua kusoma, ukae naye hadi asome. Hapo ndipo utajua ipi ina kazi. Ukihitimu, usikimbilie ofisini kuandika ripoti kuhusu walimu. Waandae walimu wenyewe, uwatembelee madarasani mwao, upiganie malipo yao yafike kwa wakati, na uhakikishe aliyejifunza kusoma leo ana kitu cha kusoma kesho.