Moog, klavye ya zamani isiyokumbuka sauti

LIKASI – Siku ya Mungu, kuanzia Kikula mpaka Panda, makanisa yasiyo na klavye ni machache. Kijana anabonyeza kifungo, filimbi inatoka. Anabonyeza kingine, violini inatoka. Sauti zote zilitiwa kiwandani. Yeye anachagua tu, na ndiyo maana filimbi ya kanisa hili na ya kanisa la jirani ni filimbi moja.

Babu wa klavye hizo hakuwa hivyo. Minimoog Model D ilitoka Marekani mwaka 1970, kwenye kiwanda cha Robert Moog huko Trumansburg, jimbo la New York. Sintetizeri za Moog za kabla yake zilikuwa kama kabati, zimejaa waya, kazi yao kukaa studio. Hii ilikuwa ndogo, ya vitufe 44, mtu aliweza kuibeba mpaka jukwaani.

Ndani yake hamna sauti iliyohifadhiwa. Kuna sehemu tatu zinazotetemesha umeme, na mtetemo huo ndio unaokuwa sauti. Halafu kuna kichujio. Mpigaji akizungusha kifungo chake, ukali wa juu unakatwa na sauti inabaki nzito, kama mwimbaji aliyejifunika mdomo kwa kiganja. Akikifungua polepole, ni kama kiganja kinaondoka. Kichujio hicho ndicho kilichompa Moog sifa, na viwanda vingi vimekiiga.

Lakini inatoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Katika mji ambapo Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke mwaka 1952, akipiga besi na melodi pamoja kwa gitaa moja, huo unaonekana umaskini! Tena haikumbuki kitu: mpigaji akipata sauti nzuri, anaandika kwenye karatasi kila kifungo kilisimama wapi. Na joto likibadilika, tuni inahama. Inabidi iwashwe mapema, ipate moto kwanza. Kwa namna kuran inavyokatika Likasi, mpigaji angemaliza ibada akiwa bado anatafuta tuni.

Ilitengenezwa mpaka 1981. Mwaka 1983 Yamaha ikaleta DX7, ya dijitali, yenye sauti tayari, na wengi wakaziacha zile za zamani.

Hailu Mergia hakuchagua upande. Huyu ni Mwethiopia, mpiga klavye wa Walias Band ya Addis Ababa, aliyefika Marekani na bendi yake mwaka 1981 akabaki Washington. Mwaka 1985 alirekodi kaseti peke yake: akodioni ya utoto wake, piano ya umeme ya Rhodes, Moog, DX7 na mashine ya ngoma. Nyimbo ni za kwao, za zamani, lakini hakuna kifungo cha kiwandani kinachoweza kutoa sauti ile.

Baadaye akawa dereva wa teksi. Kaseti ikakaa mpaka Mmarekani Brian Shimkovitz alipoikuta Ethiopia na kuitoa upya mwaka 2013, na Mergia akarudi jukwaani. Miaka yote ya teksi hakuacha kupiga: klavye ndogo ilikaa kwenye buti ya gari, na akisubiri abiria kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, aliitoa akafanya mazoezi.